Alishtuka, Kumbe Ilikuwa Ndoto

Tuanze na ugomvi. Miswada ya vijana wenzangu inayopita mikononi mwetu, iliyochapwa na hata ile iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kaunta buku, ina ugonjwa mmoja. Shujaa anakimbizwa na majambazi. Anaanguka mtoni. Panga limeinuliwa juu ya shingo yake, msomaji ameshika roho mkononi, mara: alishtuka, jasho likimtiririka, kumbe ilikuwa ndoto! Basi, hadithi imekwisha. Tuliujifunza mchezo huu kwenye insha za shule ya msingi, kengele ilipokaribia kulia na hatujui tutamtoaje mtu wetu mtoni, na tumekua nao hadi leo. Ni sawa na konda anayekuchukua nauli ya Mwanza halafu anakushusha Magu, anakwambia gari lilikuwa linajaribiwa breki tu.

Kuna aina ya pili, na hii inajifanya imesoma. Humu ndoto haiji kufuta hadithi, inakuja kuipiga muhuri. Mhusika anaota nyoka, kesho yake rafiki anamsaliti. Anaota meno yanang'oka, jioni simu ya msiba inapigwa. Mwandishi ana orodha kichwani: nyoka ni adui, jino ni kifo, maji machafu ni maradhi, na anaitumia kama karani anavyotumia daftari la bei. Orodha yenyewe haitoki mbali. Inatoka kwenye vile vijitabu vya tafsiri za ndoto vinavyouzwa stendi na kwenye meza za nje ya misikiti, vingi vikijinasibisha na Ibn Sirin, msomi wa Basra wa karne ya 8. Kama kweli yeye ndiye aliyeviandika ni jambo ambalo wasomi wanalitilia shaka, lakini hebu sikia kinachosimuliwa juu yake. Eti walimjia watu wawili kwa nyakati tofauti, kila mmoja akasema ameota anaadhini. Wa kwanza akaambiwa atakwenda Hija. Wa pili akaambiwa atakatwa mkono kwa wizi. Ndoto ni ileile, watu si walewale. Kisa kimoja kama hicho kinachana orodha nzima. Ajabu ni kwamba waandishi wetu wamechukua orodha, kisa wamekiacha.

Mimi nina jambo moja tu la kusema katika kurasa hizi: ndoto ni mali ya aliyeiota. Anayeitafsiri kabla hajamuuliza mwenyewe, awe mwandishi, mganga, daktari au shekhe, anamwibia. Na wizi huo huku kwetu si suala la fasihi peke yake. Nitafika huko.

Kwanza tufanye jaribio, maana maneno matupu hayaandiki riwaya. Tuseme mhusika wako ni msichana aliyemaliza kidato cha nne, majibu yakatoka vibaya, sasa anamsaidia mama yake kuuza dagaa hapa Mwamanyili. Usiku anaota yuko kwenye chumba cha mtihani. Wenzake wanaandika, meza yake haina karatasi. Msimamizi anapita katikati ya madawati, na msimamizi huyo ni bibi yake aliyekufa, anatafuna tumbaku, wala hamtazami.

Mwandishi wa aina ya kwanza atamwamsha, hadithi ikafa. Wa aina ya pili atafungua kijitabu, amwambie mtihani ni mtihani wa maisha (waandishi wetu wanapenda sana neno hilo), kisha atamletea mchumba tajiri. Mzee wa Kisukuma aliyekaa chini ya mti hatahangaika na mtihani hata kidogo. Atauliza juu ya bibi: ni bibi wa upande gani, nani amerithi jina lake, mara ya mwisho alikumbukwa lini? Kwa wazee wetu marehemu anayekuja ndotoni mara nyingi ana dai, na wapo waliosema kwamba uganga wenyewe, ule ufumu wa ukoo, uliwajia kwa njia hiyo, babu akitokea usiku na kibuyu. Mnasihi aliyesomea saikolojia naye atauliza, ila maswali yake ni mengine. Bibi alikuwa mtu gani kwako? Ulijisikiaje alipopita bila kukutazama? Hiyo meza tupu umeiona wapi tena, mbali na darasani?

Angalia sasa. Mzee na mnasihi hawakubaliani juu ya marehemu, wala hawatakubaliana. Lakini wote wawili wameuliza, na kila swali ni mlango wa sura mpya. Huenda msichana akajibu kwamba bibi ndiye aliyeuza mbuzi wake kulipa ada. Huenda akasema meza tupu ni ile ya dagaa siku ambayo boti hazikuingia. Hapo hadithi inatembea yenyewe, wewe unafuata nyuma na kalamu. Vijana tunatafuta visa mjini, kumbe visa vimelala nasi kwenye mkeka.

Mzungu aliyeifanya kazi ya kuuliza hivi kuwa tiba ni Sigmund Freud wa Vienna. Kitabu chake cha kufasiri ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899, ingawa mchapishaji aliweka 1900 kwenye jalada. Zilichapwa nakala 600 tu, na ilichukua miaka 8 kuzimaliza! (Wenzangu mnaolia kwamba nakala zenu zimekaa kwenye boksi chini ya kitanda, jipeni moyo.) Njia yake ilikuwa hii: usiifasiri ndoto nzima kwa mkupuo, ivunje vipande, kisha mwenye ndoto aseme lolote linalomjia kwa kila kipande, hata likiwa la aibu, hata likiwa la kipuuzi. Kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na mgonjwa. Mfano wake mkuu ni ndoto yake mwenyewe ya Julai 1895 kuhusu mgonjwa aliyempa jina la Irma, na baada ya kuichambua kurasa kwa kurasa anatuambia wazi kwamba yapo mengine ambayo hatayasema. Mimi nampenda zaidi hapo kuliko mahali pengine popote. Amekubali kwamba chumba cha ndani kina komeo.

Lakini Freud naye huteleza pale anaposahau kuuliza. Kuhusu ndoto za mtihani, alikubaliana na mwenzake kwamba huwajia watu waliofaulu mtihani huo zamani, kuwatuliza: uliogopa bure siku ile, usiogope na ya kesho. Anajitolea mfano mwenyewe, kwamba somo alilowahi kufeli chuoni halimjii ndotoni kamwe. Vizuri. Ila laiti angepita huku kwetu na kuwauliza vijana wa kidato cha nne, wale ambao mtihani ulifunga mlango na funguo zikatupwa ziwani. Nao wanaota. Tena wanaota sana. Alikuwa amewauliza madaktari wenzake tu, wote wana vyeti ukutani.

Sasa twende Elgon, maana hapo ndipo hoja inaponoga, na aliyefika hapo si Freud, ni mwanafunzi wake aliyemwasi, Carl Gustav Jung wa Uswisi. Mwaka 1925, akiwa na miaka 50, Jung alishuka Mombasa, akapanda hadi Nairobi, kisha yeye na wenzake wakaelekea magharibi, wakapita Kakamega, wakapiga hema kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Alikaa na watu aliowaita Elgonyi, ambao ni jamaa wa Wasabaoti. Habari hizi zimo katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichoandikwa kwa msaada wa Aniela Jaffé na kutolewa 1962, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Na alizungumza nao kwa lugha gani? Kiswahili! Kiswahili cha kuungaunga, kamusi ndogo mkononi. Mtaalamu mkubwa wa ndoto amekaa chini ya mlima wetu, anatafuta neno kwenye kamusi ili amuulize mtu ameota nini. Sijaona mwandishi wa Kiswahili aliyeligeuza tukio hilo kuwa hadithi, na hilo linaniuma.

Jung alitaka sana ndoto zao. Hawakumpa. Alitoa zawadi: sigara, viberiti, pini za kubania nguo. Vitu walivitaka, ndoto hawakusema. Yeye mwenyewe anakiri kwamba hakuielewa sawasawa haya yao, akadhani huenda ni hofu na kutoaminiana. Halafu siku moja anakuja mzee, laiboni, mganga mkuu, amevaa vazi zuri la ngozi za kima. Jung anamuuliza juu ya ndoto zake. Mzee machozi yanamlengalenga. Anasema zamani malaiboni walikuwa wakiota, wakijua vita itakuja au maradhi, mvua itanyesha au la, ng'ombe wapelekwe wapi. Lakini tangu wazungu waje hakuna anayeota tena. Ndoto hazihitajiki, kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu.

Jung aliguswa. Aliona kwamba kazi ya mganga imechukuliwa na Bwana DC, sauti ya miungu imehamia ofisini, na mzee yule ni picha hai ya ulimwengu unaobomoka. Ni ukurasa mzuri, nao umerudiwa sana na watu wa saikolojia duniani. Na upo ukweli ndani yake. Mtawala akishajiamulia ng'ombe wapite wapi na kodi ilipwe lini, ndoto ya malisho inabaki bila kazi.

Hata hivyo mimi nausoma kama mtoto wa kijijini, na sauti nyingine inanijia. Umewahi kumsikia mzee wetu akijibu swali la mtu wa serikali? Mzee, ng'ombe wako wangapi? Ah, mwanangu, wameisha, ugonjwa umewamaliza, wewe ndiye msomi unayejua mambo ya ng'ombe. Ng'ombe wapo ng'ambo ya mlima. Sasa huyu mgeni mwenye hema, wapagazi na bunduki, aliyeanza kununua ndoto kwa viberiti, anamuuliza mganga siri ya kazi yake mbele ya watu, kwa lugha ambayo si ya mama kwa yeyote kati yao. Mzee afanye nini? Anaweza kulia kweli, kwa maana fedheha ilikuwa kweli, na wakati huohuo akafunga mlango kwa adabu. Waingereza wanajua kila kitu: sentensi hiyo ina kilio, tena ina kejeli, na yote mawili yanakaa humo bila kugombana. Jung alisikia kilio peke yake. Mwandishi wa riwaya anapaswa kusikia yote mawili, vinginevyo atafute kazi nyingine.

Wala simdharau Jung. Darasani kwake alifundisha kinyume cha alichokifanya pale: kwamba ndoto moja moja haitoshi, zifuatwe kwa mfululizo, kwamba daktari asimpachike mgonjwa maana, amuulize kila picha ina uhusiano gani na maisha yake, na kwamba mtu akue kuelekea ukamilifu wake mwenyewe, si wa daktari. Hayo yote yanahitaji muda na kuaminiana. Elgon hakuwa na muda, na huenda angehitaji miezi ya kulima na kuzika pamoja na watu kabla hajaambiwa ndoto moja ya mbuzi.

Kwetu sisi aliyenionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba ndoto bila kuisaliti ni Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, ng'ambo tu ya Ghuba ya Speke kutoka huku. Nagona ilitoka 1990 na Mzingile 1991, vitabu vyembamba unavyoweza kuvimaliza kwa safari moja ya basi na usivimalize maisha yako yote. Humo mambo hayafuatani kwa sababu na matokeo, yanafuatana kama usiku unavyofuatanisha mambo. Wasomaji wengi walilalamika kwamba havieleweki. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba hakutupa ufunguo. Alituamini. Tatizo langu lipo kwa baadhi ya wanaomwiga: wanachukua ukungu, mtu anatembea jangwani anakutana na fuvu, fuvu linazungumza falsafa, lakini hakuna mtu anayeota. Kezilahabi alifika kwenye ukungu ule baada ya riwaya nne zenye watu wa nyama na damu, kuanzia Rosa Mistika ya 1971. Usianzie alikomalizia yeye.

Nilisema wizi huu si suala la fasihi peke yake. Sasa tuzungumze juu ya jinamizi.

Kila mtu hapa analijua. Umelala chali, macho yamefunguka, chumba unakiona, lakini huwezi kuinua kidole, na kitu kizito kimekukalia kifuani. Elimu ya usingizi ina maelezo. Mwaka 1953 huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waliandika juu ya kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, na ndicho chenye ndoto kali zaidi. Katika kipindi hicho misuli ya mwili huwa imelegezwa, nadhani tushukuru, la sivyo tungepigana usiku kucha. Ikitokea akili imeamka kabla mwili haujafunguliwa, ndoto inaingia ndani ya chumba. Ndilo jinamizi. Linawapata watu wa kila nchi, na kila nchi inalivalisha nguo zake.

Huku kwetu Usukumani nguo hizo kwa miaka mingi zimekuwa za bibi kizee. Mtu amekabwa usiku, mtoto anaumwa, au ng'ombe wamekufa. Anakwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hamuulizi hofu yake imeanza lini, wala deni gani linamkosesha usingizi, wala amegombana na nani juu ya shamba. Anamwambia: aliyekukalia ni jirani yako, macho yake mekundu. Macho yale ni mekundu kwa moshi wa kuni na samadi wa miaka sitini. Vikongwe wangapi wa Shinyanga na Mwanza, mikoa iliyomegwa ukapatikana mkoa wetu wa Simiyu mwaka 2012, wamekatwa mapanga kwa njia hiyo? Sheria ya uchawi ipo tangu 1928, na Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya albino, lakini sheria haiingii kwenye chandarua. Zanzibar nako, mwaka 1995, hofu ya Popobawa iliwafanya watu walale nje kwa makundi, na umati ukamuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kudhani ndiye. Ndoto iliyokosa mtu wa kuiuliza maswali ilitafuta mtu wa kumfia.

Kwa hiyo unapoandika hadithi ambayo msichana anaota bibi jirani anamkaba, na sura inayofuata ikathibitisha kwamba bibi yule ni mchawi kweli, jua unamsaidia nani. Mimi hadithi ya namna hiyo siwezi kuisifu hata ikiwa na lugha tamu kama asali ya Tabora. Na usije ukaniambia ni utamaduni. Mzee niliyemtaja juu, wa chini ya mti, aliuliza kwanza.

Tiba nayo imesogea tangu enzi za kochi la Freud, na inasogea kuelekea kwetu waandishi, ingawa wengi hawajui. Mwaka 2001 daktari Barry Krakow na wenzake wa New Mexico, Marekani, walitoa matokeo ya tiba ya ndoto mbaya kwa wanawake 168 waliowahi kushambuliwa kingono na wakawa wanaamka wakipiga kelele miaka mingi baadaye. Hawakuwatafsiria chochote. Walimwambia kila mmoja: chagua ndoto mbaya, ibadilishe vyovyote utakavyo, kisha ile mpya ipitie akilini kwa dakika chache kila siku, ukiwa macho. Waliofanya hivyo ndoto mbaya zilipungua kuliko kwa waliokuwa bado wanasubiri zamu yao ya kutibiwa. Wengine wakapata na usingizi.

Kumbe hiyo ni kazi ya mswada wa pili, jamani! Tofauti ni kwamba daktari hakushika kalamu. Hakumwambia mama aliyeumizwa kwamba mwisho mzuri ni huu au ule. Mwingine alimwondoa adui, mwingine huenda alibadilisha rangi ya mlango tu, na ikatosha. Kwenye hospitali zetu, Mirembe kule Dodoma au Bugando hapo Mwanza, wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu, na sidai hata kidogo kwamba hadithi fupi inaweza kushika nafasi ya daktari. Nadai kwamba mwandishi aliyekaa na ndoto ya mhusika wake na kumwuliza maswali matatu ya kweli amemfundisha msomaji namna ya kumuuliza dada yake asubuhi.

Nirudi Elgon, kuna kitu nilikiruka. Jung aliota pia katika safari ile. Anasema ndoto zake zote za Afrika hazikuwa na Mwafrika hata mmoja, isipokuwa mara moja, na huyo alikuwa kinyozi mweusi wa Chattanooga, Tennessee, aliyewahi kumnyoa Marekani miaka 12 nyuma. Katika ndoto kinyozi ameshika chuma cha moto, anataka kuzisokota nywele za Jung ziwe kama zetu. Jung anausikia moto ule karibu na kichwa chake. Na hapo, Wallahi, mkubwa wa wafasiri wa ndoto akafanya kama sisi: alishtuka usingizini kwa hofu. Alipoitafsiri aliona ni onyo, kwamba Afrika inataka kummeza na ni vizuri ajilinde. Aliitafsiri peke yake, hemani.

Hadithi ninayosubiri kuisoma kwenye jarida hili ni ile ambayo asubuhi yake Jung anaacha viberiti ndani, anakaa kwenye nyasi mbele ya mzee wa ngozi za kima, anafungua kamusi, na safari hii ni yeye anayesimulia. Kinyozi, chuma, moto. Mzee anamsikiliza mpaka mwisho. Anatema mate pembeni, anafikiri. Kisha anamuuliza: na huyo kinyozi, siku ile alipokunyoa, ulimlipa?